Niliposema Nauza Samaki

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilivaa kitenge kipya kwenda kuonana na wakala wa bima. Mimi na dada yangu Ngosa tulikuwa na duka la samaki hapa Nchelenge, karibu na bandari ya ziwa, na kila tulichokuwa nacho duniani kilikuwa humo.

Wakala alikuwa ametoka Lusaka. Akaniuliza biashara yetu ni nini. Nikajibu, "Tunauza samaki." Akaandika: duka la samaki. Basi, tukaagana.

Huku kwetu ziwani, mtu akikwambia anauza samaki, humuulizi kama ana tanuri la kuwakausha. Samaki bila moshi atafika wapi? Lakini nisikufiche: nilimwona yule bwana hakuchungulia uani, kwenye tanuri letu, nikanyamaza. Niliogopa ada itapanda. Nilijiona mjanja kweli!

Nyumbani dada akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha ziwani, "Ulimuambia kama tunakaushaka na moto?"

"Iko nini ya kumuambia?" nikamjibu. "Kila mutu anajua!"

Mchana mmoja upepo wa ziwa ukarusha cheche kwenye nyasi za kibanda cha tanuri, na kutoka pale moto ukashika duka. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu, ila hatukuokoa kitu. Akaja mama mmoja wa bima kukagua, mpole, akalizunguka tanuri.

"Huu moto wa tanuri hatukuambiwa," akasema.

Nikalia kwamba kila mtu wa hapa anajua. Akanishika mkono.

"Wa hapa, ndiyo. Mimi si wa hapa, mama. Nina hii karatasi yako tu."

Hatukulipwa. Dada hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alikwenda kulima mihogo kwenye mashamba ya watu, yeye aliyekuwa na duka lake.

Sasa nasikia unakatia bima mtumbwi wako wa injini, na umeandika kwamba unabeba samaki. Na abiria wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, unaowapandisha siku za soko? Waandike, mwanangu. Eleza kazi yako jinsi inavyofanyika, kama unamweleza mgeni ambaye hajawahi kuliona ziwa. Swali usilolielewa, uliza, si aibu. Kazi ikibadilika, rudi uwaambie. Ada ikipanda, ipande.

Mungu akulinde majini, wewe na wote unaowavusha, na asikuache umwone ndugu yako akishika jembe la mwingine kwa sababu ya neno ulilolimeza.