Siku ya nne ni siku ya nne

Kazi yangu hapa Bunia ni kuandikia watu maneno: matangazo ya redio, hotuba za ndoa, maneno ya kubandika mbele ya duka la dawa. Kuandika hakunichokeshi sana. Kinachonimaliza ni kupanga siku na wateja. Kwetu kila fundi anasema "kesho asubuhi", awe mshonaji, awe seremala, na mteja anajua kabisa ile kesho iko mbali. Mteja naye anadanganya kidogo. Sherehe yake iko siku ya posho, yaani Jumamosi, anakuambia ni siku ya tano, Ijumaa, ili ukichelewa usimharibie. Kila mtu anahesabu uongo wa mwenzake, na maisha yanaenda.

Mimi nilichoka nayo. Nikaanza kusema siku ya kweli na kuishika. Ee, waliona ninajivuna! Mwenye duka mmoja alinijibu kwamba kama sitaki kazi yake niseme tu, kisha akaenda kwa yule wa "kesho asubuhi". Basi, aende.

Halafu akaja mama mmoja mjane, mtu wa Djugu aliyekimbilia hapa mjini na watoto wake. Ilikuwa siku ya pili. Alitaka tangazo la kuondoa matanga ya bwana yake, sherehe ikiwa siku ya Mungu, Jumapili ya juma lile lile. Mtu aliyengojewa alikuwa mmoja: mukubwa wa marehemu, kaka yake wa kuzaliwa, ambaye vita vilimtupa upande wa Komanda, leo kijiji hiki, kesho kingine, bila telefone. Redio tu ndiyo anasikiliza, kila jioni. Katika ukoo wao ni yeye peke yake anayeweza kumvua mjane nguo nyeusi. Na mama akiwa bado nayo, haruhusiwi kushuka ziwani Tchomia kununua samaki wa kuuza, kazi iliyokuwa inalisha watoto. Nilikuwa na kazi zingine mkononi, nikamwambia aje siku ya nne, saa sita. Aliitikia vizuri, akashukuru, akaenda.

Siku ya nne, saa sita, karatasi ilikuwa tayari mezani. Nikangoja mpaka giza. Nikapiga telefone yake, imezimika. Kesho yake nilifikiri kuipeleka mwenyewe, lakini redio yetu haipokei tangazo la matanga pasipo mtu wa familia, tangu siku walitangaza kifo cha muzee mmoja naye akafika pale kwa miguu yake kulalamika. Nikazunguka mtaa wanakokaa wakimbizi nikimuulizia. Wapi! Nikarudi nyumbani na vumbi mpaka magotini, hasira imenijaa, sijui hata ni ya nani.

Siku ya posho, jua limeshapanda, huyu hapa mlangoni na fungu la ndizi, anatabasamu.

"Papa, siye tunajua mafundi mnavyosumbuliwa," akasema. "Ulisema siku ya nne, nikajua ni leo. Sikutaka kukukimbiza."

Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Alikuwa amenihurumia. Nikamweleza polepole kwamba tangazo lilikuwa tayari siku ile ile, na kwamba hata wakilisoma jioni hii, yule wa Komanda hawezi kufika kesho. Akakaa kwenye benchi. Tabasamu lilikwisha, akawa anavuta uzi uliofumuka kwenye mkono wa nguo yake nyeusi. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma.

"Basi tusogeze kwa juma linalokuja," akasema mwishoni. "Nikuje lini kuchukua lingine?"

Nikatafuta siku ya kumtajia. Bunia nzima hapakuwa na siku ambayo ningeitaja mimi, akaiamini yeye. Nikamwambia akae vile vile. Nikafuta tarehe, nikaandika mpya mbele ya macho yake, nikavaa viatu, tukaenda redio wote wawili, yeye bado katika nyeusi.