Mabati Yaliyokuwa na Nyumba Yake

Mvua ya kwanza ya Novemba ikipiga paa la nyasi lililozeeka hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: masizi yaliyolowa, vumbi la mchwa, na kitu kama tumbaku iliyooza. Kisha yanafuata matone ya kahawia, mazito kama chai ya rangi iliyochemshwa mno, na yakidondokea shuka hayatoki hata ufue kwa majivu. Sare yangu ya darasa la tatu ilikuwa na madoa hayo mabegani, na wenzangu walinitania kwamba nimetemewa ugoro. Nilikulia Katumba, nje ya mji wa Mpanda, katika vijiji walivyopewa wazazi wetu walipokimbia kutoka Burundi, na utoto wangu wote nyumba yetu ilivuja. Haikuvuja kwa sababu ya umaskini, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ilivuja huku mabati mapya, ya kutosha kuezeka nyumba nzima, yakiwa yameegemezwa ukutani katika chumba tulicholala mimi na mdogo wangu Eliya.

Baba aliyanunua machache machache, kila msimu wa tumbaku ulipoisha. Alikwenda mjini kwa baiskeli asubuhi, akarudi jioni anaisukuma, mabati yamefungwa ubavuni yanalia kwa kila shimo la barabara. Aliyasimamisha kwenye sakafu ya udongo, akayafunika kwa magunia na nailoni, na ole wake mtoto atakayeyagusa kwa vidole vya mafuta. "Mabati haya yana nyumba yake," alikuwa akisema. Nyumba hiyo haikuwepo. Ilikuwa ijengwe siku moja juu ya kilima huko Burundi, mahali ilipochomwa moto nyumba ya baba yake, iliyokuwa ya vigae. Mara nyingi aliichora uani kwa kijiti, akatuonyesha mlango utatazama wapi na chumba changu kitakuwa kipi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulishapewa zamani, tukalima mpaka mipini ikavunjika mikononi, na bado baba alijiita mgeni.

Kwa hiyo nyumba tuliyoishi ilitengenezwa kama kitu cha kuazima. Mama alikata nyasi mara tu mvua zilipokoma na nyasi kukauka, kabla watu hawajaanza kuchoma mapori, akazifunga mizigo kwa kamba za magome ya miombo na kuzisimamisha nyuma ya jiko. Kiangazi kilipokolea baba alipanda juu, akang'oa pale palipooza kabisa na kuacha pale palipoanza kuoza. Mimi na mama tulichota udongo wa kichuguu, tukaukanyaga kwa miguu na maji, tukakandika nyufa za ukuta, kisha tukazibua mtaro wa kuzunguka nyumba. Mama alitaka paa nene. Baba alitaka la kutosha masika moja tu, kwa sababu masika ijayo tungekuwa kwetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga, lakini hawakumfikiria mtu anayeziba ufa nusu kwa makusudi.

Mwaka ninaousimulia hatukuziba hata hiyo nusu. Redio ya baba, aliyokuwa akianika betri zake juani ili zipate nguvu, ilileta habari kwamba huko kwao watu wamepiga kura na mambo yatakuwa mazuri. Wanaume walijaa uani kwetu kusikiliza. Wengine walilia waziwazi. Mama alipochukua mundu kwenda kukata nyasi, baba alimzuia mlangoni.

"Nyasi za nini? Mvua zitatukuta nyumbani."

"Na zikitukuta hapa?"

"Wewe mwanamke, husikii redio?"

Mama aliurudisha mundu kwenye dari. Moto wa pori ukaja mwezi wa nane kama kawaida, ukala nyasi zote mpaka bondeni, na baba akautazama kama mtu anayeaga. Kisha, mvua zikiwa karibu, redio ileile ikaanza kuleta habari za damu. Wanaume waliacha kuja. Badala ya sisi kwenda, watu wapya walikuja kutoka huko wakikimbia, na baba akaizima redio.

Mvua haikungoja tuomboleze. Mama alipita kwa majirani kuomba nyasi. Jirani yetu mmoja, mama Felista, ambaye mumewe alikuwa akishinda uani kwetu na kulia kuliko wote, alikuwa na mizigo imepangwa vizuri. "Mimi nilikata wakati nyie mnasikiliza," alimwambia mama. "Redio haiezeki nyumba, dada." Akampa michache. Ilitosha kufunika juu ya kitanda chetu tu, na haikufunika vizuri. Tuliweka sufuria, beseni, hata kibuyu kilichopasuka. Magodoro ya majani yalifanya ukungu. Eliya, ambaye alikuwa hata hajaanza shule, akapata kifua, akawa anakohoa mpaka anatapika, na baba akambeba kwa baiskeli kwenda hospitali, akarudi naye, akambeba tena.

"Baba Ana," mama alimwambia siku moja mchana, mimi nikichambua maharage mlangoni, "mtoto atakufa huyu. Piga mabati hata upande wa kitanda chao. Siku ya safari tutayang'oa."

"Bati likishatobolewa na msumari si jipya tena," baba alijibu. "Nitarudije kwetu na mabati ya matundu?"

Nilimchukia. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kabisa ninachokifanya, na chuki ile sijaitafutia jina zuri zaidi.

Siku chache baadaye baba alikwenda shambani kupanda miche ya tumbaku. Mama alifunga kanga kiunoni, akaniita, tukatoa magunia. Alikuwa amekusanya misumari ya kuokoteza na jiwe la kupigilia. Alishika bati la kwanza, mimi nikashika upande wa chini, tukanyanyua. Upande wangu ukabaki sakafuni. Bati lilikuwa limeliwa na kutu, likamegeka mkononi kama ukoko. Tukajaribu la pili, na la tatu, na yale ya nyuma yaliyokuwa yameshikana. Maji ya paa yalikuwa yakipenya chini ya nailoni kila masika na kukaa humo, na udongo mbichi wa sakafu ukamalizia. Mama aliinua moja kuelekea mlangoni, na mwanga ukaingia kwenye matundu, ukamwangukia usoni. Hakulia. Aliyapanga mabati yote uani, juu ya mahali baba alipozoea kuchora nyumba yake, akaingia jikoni kusonga ugali.

Baba aliporudi alitua jembe. Alichutama, akapapasa bati moja kuanzia juu kwenda chini. Nilingoja aombe radhi.

"Tutayakata hapa palipooza," alisema. "Nyumba ya kule itakuwa fupi kidogo, basi."

Eliya hakufa, lakini kifua hakikupona. Sasa ni mtu mzima na kila Novemba anakohoa. Mimi nina nyumba Mpanda mjini, na kabla ya mvua namwita fundi akague misumari, ingawa haijawahi kuvuja. Tulipopewa uraia wa Tanzania niliipiga bati nyumba ya wazazi kwa mshahara wangu. Mama alicheza uani. Baba alihamishia kitanda chake jikoni, chini ya paa la nyasi, akaniambia, "Ana, umeshanizika hapa." Nilidhani ni ubishi wa uzee. Aliishi humo, matone ya kahawia yakimdondokea, mpaka alipofariki.

Tulimzika Katumba, masika ikiwa imeanza, na saruji ya kaburi haikuweza kukauka kwa mvua. Watu wakashauri tununue mabati ya kulifunika. Mama alikwenda mwenyewe nyuma ya ghala, akarudi ameburuta yale ya baba, mafupi, yaliyokatwa, ambayo hakuna aliyekuwa amethubutu kuyatupa. Eliya alisimamisha nguzo, akayapigilia huku akikohoa, na kila msumari ulipoingia mama alitikisa kichwa kukubali. Mtu mmoja akasema yana matundu, kaburi litavuja.

"Liacheni livuje," mama alisema. "Sisi tulilala hivyohivyo."