Mgawo na Mgawo

Friji la mama lilikuwa la kulala, jeupe, limeota kutu miguuni, na ndilo lililotusomesha. Mama aliuza barafu za ukwaju nyumbani kwetu Gongo la Mboto. Kaka yangu mkubwa alipoleta mashine ya kuchimba sarafu za mtandaoni, alimwomba jambo moja: alizime friji kwa muda, maana vyote viwili vikiwaka pamoja swichi kubwa inajikata. Akishalipwa mara ya kwanza, angemnunulia friji jipya. Mama akachomoa waya mwenyewe.

Mashine ilinguruma sebuleni kama mtu anayeota ndoto mbaya. Peke yake isingepata kitu, kaka alitueleza, ndiyo maana aliiunganisha na kundi la wachimbaji wa nchi mbalimbali. Wote wanatafuta; mmoja akibahatika, wanagawana kwa kadiri ya kazi ya kila mtu. Hapo mama alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kugawana alikuelewa.

Kisha ukaja mgawo wa umeme. Adhuhuri ikifika, sebule inanyamaza mpaka tunasikia kuku wa jirani wakiparua uani. Siku moja umeme uliporudi, kaka alifungua simu, akakaa chini taratibu. Kundi lilikuwa limepata sarafu wakati sisi tumekatiwa. Fungu letu lilikuwa sifuri.

"Si umechimba wiki nzima?" mama aliuliza.

"Wanahesabu kazi ya saa za mwisho tu, kabla sarafu haijapatikana."

"Yaani mie nimesonga ugali, nimetoka kidogo kuswali, narudi sufuria limekwanguliwa?"

"Ndiyo hivyo, mama. Kuna watu wanarukaruka makundi. Wanakuja pakinoga, wanaondoka. Kanuni imewekwa kuwabana hao."

"Na wewe uliruka kwenda wapi, baba'ngu? Si ulikuwa hapo hapo umelala na bukta?"

Tulicheka, kaka naye akacheka, halafu kicheko kikatuishia mdomoni.

Kilichoniuma ni kwamba kanuni yenyewe ilikuwa ya haki. Ningepewa niitunge mimi, labda ningeitunga vilevile. Iliwatazama wachimbaji wote kwa jicho moja, na jicho hilo, lilipofika kwetu, likaona mtoro.

Kaka akanigeukia. "Wewe si mwandishi? Waandikie wenye kundi basi."

Niliandika kwa Kiingereza, nikakwama kwenye neno moja. Kwetu mgawo ni fungu unalopewa, na mgawo ni umeme unaonyimwa. Nilitaka waone jinsi mgawo mmoja ulivyoumeza mwingine. Sikupata neno la kubeba yote mawili. Nikaandika tu kwamba umeme ulikatika. Wakajibu kwa upole kwamba hesabu ni sahihi.

Mama alikuwa amesimama na waya wa friji mkononi, akimtazama kaka.

"Tusubiri sarafu moja tu tena, mama," kaka alisema, sauti imepungua. "Nikizima saa hizi, hata kazi ya leo inapotea."

 Mama aliuzungusha ule waya, akauweka juu ya friji, akapanga kanga zilizotoka kufuliwa juu yake, moja baada ya nyingine, kama anayefunika mgonjwa.

Jioni jirani alipiga hodi na bakuli lake kufuata barafu, kama kawaida.

"Hamna, shoga," mama alimwambia. "Umeme wetu uko kazini."