Chai ya Yasmini Niliyoitia Maziwa

Ilianza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, bibi aliporudisha kikombe cha uji bila kukigusa na kugeukia ukutani. Ilikuwa siku ya pili hajaweka kitu mdomoni zaidi ya maji. Mama alikuwa Nangwa kwa dada yake, wanavuna maharage. Aliniambia kwenye simu kwamba bibi asipokunywa kitu mpaka Jumapili, anakuja na gari tumpeleke hospitali. Bibi hakutaka. Alisema ametoka huko mara moja, mara ya pili hatatoka.

Nikamuuliza anatamani nini. Akafikiri sana.

"Ile chai ya shangazi yako wa Arusha. Inayonukia maua."

Nikatembea hadi dukani Dongobesh. Mama mwenye duka alikuwa nayo kwenye makopo mawili, yote chai ya kijani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu nusa. Hii wameipulizia manukato tu. Hii nyingine, majani yamelazwa pamoja na maua ya yasmini mpaka yakavuta harufu, ndipo maua yakatolewa."

La kwanza lilinichoma pua. La pili harufu yake ilikuja taratibu, ikakaa. Nikachagua la pili, akanipimia na kunifungia kwenye karatasi.

"Unajua kuipika?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba najua. Kulikuwa na watu dukani, na mimi kuuliza mbele ya watu siwezi. Halafu, chai nani asiyejua kupika?

Nyumbani nikaipika kama tunavyopika zote: maji, maziwa ya asubuhi, majani, ikachemka mpaka ikafura mara tatu. Kumpa mzee mgonjwa chai ya rangi wakati ng'ombe wako zizini, kwetu ni kama kumtupa. Ikatoka ya kijivu. Bibi akaonja, akaitema kwenye beseni.

"Mjukuu wangu, hii ni chai au maji ya kuchemshia mboga ya mnafu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikatoka nje nimemkasirikia, na nasema kweli, nilitamani mama aje amchukue tu, nipumzike. Halafu nikaona aibu kwa kuwaza hivyo.

Alasiri nikarudi dukani. Nikasubiri wateja waondoke, hawakuondoka. Nikasema hivyo hivyo, naangalia miguu yangu:

"Mama, niliichemsha na maziwa."

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Kwani ulikuwa unanenepesha ndama?"

Mwenye duka naye alicheka, kisha akaacha. "Ni ya nani?"

"Ya bibi. Hali, hanywi."

Wakanipisha mbele. Mwenye duka akanisogelea. "Maji yakichemka, epua, yaache yatulie kidogo. Tia majani kijiko kimoja, funika. Imba pambio moja tu la kanisani, likiisha chuja. Ukizidisha inakuwa chungu. Maziwa hapana, sukari hapana."

Jumapili asubuhi, kabla ya kukamua, niliwasha moto. Nikaepua maji, nikasubiri, nikatia majani, nikaimba pambio moyoni. Ilitoka nyepesi, rangi ya maganda makavu ya mahindi, nikaogopa kwamba nimempikia maji matupu. Bibi alikishika kikombe chini ya pua muda mrefu, macho amefumba. Mimi nilikuwa naangalia koo lake. Likapanda, likashuka. Likapanda tena.

"Ndiyo hii," alisema.

Alikunywa nusu, akapumzika, akamalizia. Nilikiosha kikombe, nikatoka uani kumpigia mama, nikamwambia gari asitafute, kwa leo.