Wadudu wa Maua ya Kunde

Kazi yangu Dodoma mjini ni kutazama wadudu kwa hadubini na kusema ni wa jamii gani, na bado vithiripi wananitia kichefuchefu. Ni wadogo kuliko punje ya ulezi, wembamba, weusi, wana taya moja tu, la kushoto. Wanalitumia kuutoboa mmea kisha wanaunyonya. Wako wa makundi mawili makubwa: wenye mkia kama bomba, na wale ambao jike ana msumeno nyuma wa kupasua mmea na kupachika mayai ndani. Wanaoharibu maua ya kunde ni wa msumeno. Joto likizidi humtambalia mtu shingoni wakamdunga, na siku hiyo mimi chakula hakinipiti.

Mama, kule Kongwa, hakuwa na haja ya hadubini. Maua ya kunde zake yalipopukutika bila kuzaa, alishajua wa kulaumiwa: jirani yake, shoga yake tangu ujana, aliyepita kando ya shamba akayasifia. Alisema yule mama ana jicho baya. Salamu zikakatika. Watu wazima waliobebeana watoto mgongoni sasa wanapishana kama hawajuani! Nilipanda basi kwenda kuumaliza upuuzi ule.

Nilichuma maua machache nikayakung'uta juu ya karatasi nyeupe. Vithiripi wakamwagika, wakatawanyika. Mama akatema mate pembeni. Nilimwambia hapo hakuna jicho la mtu, ni hawa tu. Akauliza kunde zikishavunwa wanaishi wapi. Nikamjibu kama ninavyojibu kazini: kwenye maharage, kwenye mimea ya porini ya jamii ya kunde, na hasa kwenye mbaazi, kwa kuwa huendelea kuchanua mvua zikiisha.

Akageuka kuzitazama mbaazi zake za mwaka jana ukingoni mwa shamba. Mbegu alipewa na jirani huyo huyo.

"Kumbe wadudu hawa alinipandia kabisa," akasema.

Aliridhika, na kuridhika kule kulinichukiza kuliko mdudu yeyote. Nikamweleza kwamba wamejaa pori zima, wangekuja hata bila mbaazi, na kwamba kunde za jirani nazo zimepukutika. Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Alichukua panga, akazikata mbaazi zote, akazitupa kwenye njia ya jirani zikiwa na maua na maganda mabichi.

Jirani alinikuta nazikusanya, vithiripi wakinitembea mikononi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza mama anaendeleaje, akaketi chini na kuanza kuchuma yale maganda. Alipomaliza alinijazia kwenye mfuko.

"Mpelekee mama yako, mwanangu. Bado changa, zitaharibika bure."

Nilizipeleka. Mama alizimwaga zote kwa mbuzi, kisha akaniambia nikanawe mikono kwa sabuni.