Ndagala za Jirani

Rafiki yangu, tangu nirudi wiki iliyopita kutoka Minago, kijijini kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, sijatulia. Nakaa, nasimama, nakwenda dirishani. Chai inapoa mezani. Mchanga tuliokuwa tukianikia ndagala, dagaa wa kwetu, umemezwa na ziwa, na pale nilipocheza utotoni watu sasa wanaoga, maji yakiwafika kifuani. Lakini kinachonisumbua si ziwa. Nilikuwa nimekwenda kumfukuza mtu.

Nianzie mbali kidogo. Nilikuwa na miaka tisa tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi na bibi. Nyumba ya babu tuliikuta imesimama, na ndani yake tukamkuta mama mmoja, jirani. Namwita jirani kwa sababu ndilo jina alilopewa na bibi siku ileile. Ndugu zetu wengine walikuwa na majina mengine ya kumpa. Wakubwa wa komine, serikali ya pale, walikuja wakaligawa shamba: sisi juu, kando ya barabara, yeye chini kando ya ziwa, pamoja na nyumba. Bibi alikubali. Mimi nilikataa kimoyomoyo. Kila asubuhi moshi wa yule mama ulitoka katika jiko la babu yangu, na roho ikaniuma.

Dini ya bibi ilikuwa ya mikono. Hakumhubiria mtu. Jumamosi alipika maharage kwa mawese, harufu yake naijua hata leo, na sahani ya kwanza ilivuka mpaka kwenda kwa jirani. Mchukuzi nilikuwa mimi, na nilitembea polepole makusudi ili chakula kipoe.

Ufukweni wanawake walianika ndagala bega kwa bega. Mvua tuliiona ikitoka milima ya Kongo, ikilivuka ziwa, nasi tukaanza kukimbia, maana ndagala zikilowa zinaoza. Hapo bibi alikuwa na neno lake: “Mvua ikija, anza na asiyekuwepo.” Yaani anua kwanza ndagala za yule aliye mbali, ndipo uanue zako.

Jumapili moja mwalimu wa watoto kanisani alituuliza nani angeacha nyavu zake amfuate Yesu. Mkono wangu ulipanda wa kwanza, nusura nianguke kwenye benchi. Siku tatu baadaye jirani alimpeleka mtoto wake mgonjwa kwa daktari, na mvua ikaja. Bibi alizipita ndagala zetu akakimbilia za jirani.

“Njoo!” akaniita. “Njoo unisaidie!”

Nilisikia vizuri. Nikainama, nikaanua zetu, zote, mpaka ya mwisho, nikakimbilia barazani kabla mvua haijakaza. Bibi alihangaika peke yake na kikapu, akaokoa nusu tu. Nusu nyingine ilioza.

Jioni jirani alirudi na mtoto mgongoni. Akanishika kichwa. “Murakoze sana, mutoto yangu. Mungu akubariki.”

Bibi akaendelea kukung'uta kikapu. Nami nikaipokea ile asante, nikaiweka mfukoni kama mwizi. Baadaye bibi akasema, “Nilikuita.” Nikajibu sikusikia. “Ulisikia,” akasema, akaendelea kuchambua maharage. Hakurudia tena maisha yake yote, na afadhali angenichapa.

Sasa bibi hayupo, na shamba la juu ni langu. Mimi ni mwalimu Bujumbura, tena shemasi kanisani. Ziwa lilipopanda lilichukua nyumba ya babu na kipande chote cha jirani, naye akajisimamishia kibanda cha maturubai ya shitingi kwenye kona ya shamba langu. Nataka kujenga pale. Nilikwenda kumwambia ahame.

Nilimkuta amekaa mlangoni, mzee, magoti yamemwisha. Kabla sijafungua mdomo akawaita wajukuu wake. “Mumuone uyu! Siku ile mvua ilikuya, baba yenu iko mugonjwa, ni yeye aliokoa ndagala yangu.” Watoto wakaniangalia kwa heshima. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo wingu likatoka Kongo. Ndagala zake zilikuwa juu ya wavu mkuukuu kando ya kibanda. Akajaribu kusimama, akashindwa. Na mimi, mama mzima, nikamsikia bibi: njoo. Nikavua viatu, nikakimbia.

“Mama,” nikasema huku nikianua, “siku ile si mimi niliyeziokoa. Bibi aliniita, nikakataa.”

Alikuwa amejikokota hadi ukingo wa wavu. “Ninajua. Nguo yako ilikuwa kavu.”

“Sasa mbona ulinishukuru?”

“Nilisema labda ile murakoze itakuleta siku ingine. Shika uku, mvua inakuya.”

Nikashika.

Neno la kuhama sikulisema. Nimerudi nalo Bujumbura, na haliniachi nilale. Mchanga wetu hauko tena, bibi hayuko, samaki wanapita jikoni kwa babu. Kuanua ndagala ni rahisi, ukilowa, unakauka. Shamba ni kitu kingine, na nasema kweli, linaniuma. Ramani ya nyumba yangu iko hapa mezani, kando ya chai. Asubuhi hii nimechukua kalamu nikachora mstari katikati ya kiwanja: sisi juu, jirani chini. Umepinda, lakini umefika mwisho.