Chupa Tatu za Shemeji Mbele ya Mama Mkwe

Leo mama mkwe kamliza mwanawe mtu mzima kwa kikombe cha bia.

Shemeji yangu aliacha ualimu akaenda kupika bia kwenye kiwanda kidogo Arusha. Mama hakuwahi kumsamehe. Ada yote ya kumsomesha aliipata kwa kupika pombe ya uwele hapa hapa Kiomboi, ili mtoto asije akakaa kwenye moshi kama yeye.

Leo shemeji kaja na chupa tatu, bia za aina tatu. Zimepikwa mara moja tu, dukani hazipo.

Akammiminia mama, akampa kwa mikono miwili.

Mama akakirudisha kikombe.

"Aliyeleta anaonja kwanza. Au huko mjini hamwogopi sumu?"

Jamani. Nikajifanya namfuta mtoto kamasi.

Shemeji akanywa. Ndipo mama akaonja zote, moja moja, amefumba macho.

"Hizi mbili ni za wenzako. Hii ya mwisho umeipika wewe."

"Umejuaje, mama?"

"Kimea umekikaanga kidogo kabla ya kusaga. Nani mwingine anafanya hivyo zaidi yangu?"

Ilikuwa yake kweli. Shemeji akainama, machozi yanamdondoka.

Mimi nanyonyesha, nimeishia kunusa. Sijalala vizuri wiki nzima, ila hapo usingizi ulinikimbia.

Mama akasogeza kikombe.

"Ongeza, baba. Usinipimie kama dawa."

Hebu niambieni, mama zenu wangeutambua mkono wenu kwenye nini?